Binti yangu huandika 62 badala ya 26: je, nimtoe madrasa?

"Assalaam alaykum. Binti yangu ana miaka saba, yuko Gredi ya 2 hapa Mombasa. Shuleni hesabu husomeshwa kwa Kiingereza, na jioni huenda madrasa ambako ustadh huwapa imla ya nambari kwa Kiarabu. Tangu muhula huu uanze naona anageuza. Akitajiwa 'sitta wa ishrin' huandika ٦٢, na kwenye daftari la shule amepigwa msalaba mwekundu alipoandika 61 badala ya 16, na 71 badala ya 17. Vilevile aliandika 1005 kwa mia moja na tano. Juzi alikuwa akitafuta Ayatul Kursiy kwenye msahafu, akaniambia aya ya 255 haimo, akanionyesha ٢٥٥ na kusema 'hii ni mia mbili'. Akipanga vizibo vya kuhesabia mezani, huanzia kulia. Mwalimu wa darasa ameniambia kuwa Waarabu huandika nambari kinyume, ndiyo maana mtoto amevurugika, na kwamba ni heri apumzishwe madrasa mpaka hesabu zikae sawa. Baba yake hataki hata kulisikia hilo. Yeye husema ni utoto tu utakwisha, na kwamba Kiswahili chenyewe nambari zake zote kimezitoa kwa Waarabu, mbona sisi hatukuvurugika. Nikimtajia mimi kwa Kiswahili mara nyingi huandika sawasawa. Je, mtoto ana upungufu wa hesabu? Nimtoe madrasa?"

Waalaykum salaam, mama. Nianze na jibu lenyewe ili usilale na wasiwasi: katika yote uliyoyaeleza sioni dalili ya mtoto mwenye upungufu wa hesabu, na kumtoa madrasa hakutaliondoa jambo linalomsumbua. Lakini pia sitakwambia kama baba yake kwamba ni utoto tu. Kuna jambo la kweli linalotokea kati ya sikio la binti yako na mkono wake, lina sababu inayojulikana, na linaweza kurekebishwa mezani kwenu bila vita kati ya shule na madrasa.

Sentensi uliyoitaja karibu na mwisho, kana kwamba ni jambo dogo, ndiyo iliyonifungulia: ukimtajia kwa Kiswahili huandika sawasawa. Mtoto asiyeelewa kwamba 26 ni makumi mawili na mamoja sita angekosea kwa lugha zote. Huyu wako anakosea kwa Kiarabu, na kwa Kiingereza anakosea kwenye 16 na 17. Hukutaja hata mara moja kwamba ametajiwa "twenty-six" akaandika 62. Ukikaa na hilo kidogo utaona makosa yake yana mpango.

Kwanza tuondoe dhana ya kwamba Waarabu huandika nambari kinyume. Fungua msahafu wowote utazame aya ya ishirini na sita. Imeandikwa ٢٦. Mbili iko kushoto, sita iko kulia, vilevile kama tunavyoandika 26. Risiti ya duka la Muscat na risiti ya duka la Mombasa zote huweka makumi kushoto kwa mamoja, na mamia kushoto kwa makumi. Kinachotofautiana ni maandishi yanayoizunguka nambari: Kiarabu hutoka kulia, kwa hiyo jicho la msomaji huikuta sita kabla ya mbili. Na ulimi wa Kiarabu pia hutaja sita kwanza: sitta wa ishrin, sita na ishirini. Ikifika mia mambo huchanganyika hata kwa Waarabu wenyewe, kwani leo 126 kwa kawaida husomwa mia, kisha sita, kisha ishirini. Wako wanaoandika tarakimu wakianzia kulia, na wako wengi ambao kalamu yao huruka ikaanzia kushoto kwa ajili ya nambari tu, halafu ikarudi kuendelea na maneno. Karatasi ikikauka huwezi kujua nani alifanya lipi.

Hali hii ina historia yake, na inafaa mwalimu wa darasa aijue. Tarakimu hizi zote, za shuleni na za madrasani, shina lake ni moja, nalo ni India. Huko ndiko Brahmagupta alikoandika mwaka 628 kanuni za kufanya hesabu kwa sifuri. Katika karne ya 9 Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad, alitunga kitabu kilichoeleza hesabu ya Wahindi, na mpaka leo Waarabu wengi huziita tarakimu zao za ٢ na ٣ "tarakimu za Kihindi". Wahindi waliandika kutoka kushoto, Waarabu wakaandika kutoka kulia, lakini picha ya nambari haikugeuzwa. Baadaye Leonardo wa Pisa, anayejulikana kwa jina la Fibonacci, aliyejifunza hesabu hizi akiwa kijana huko Bugia katika Algeria ya leo, alizipeleka kwa wasomaji wa Ulaya katika kitabu chake cha mwaka 1202. Mwanzoni mwa kitabu hicho, kilichoandikwa kwa Kilatini, alizitaja tarakimu tisa za Wahindi kwa mpangilio huu: 9 8 7 6 5 4 3 2 1. Moja iko kulia, kama angeziorodhesha Mwarabu. Kwa hiyo zile 1, 2, 3 ambazo watoto wetu huziita nambari za Kiingereza zilipitia kwa Waarabu wa Maghrib kabla ya kufika Uingereza, na ndizo zinazotumika Morocco na Algeria hadi leo. Nambari ilivuka kutoka mwandiko wa kushoto kwenda wa kulia, ikarudi tena kwenye wa kushoto, na njia nzima kubwa ilibaki kushoto na ndogo kulia.

Basi kama maandishi hayakugeuka, kwa nini binti yako anageuza?

Mtoto wa miaka saba akipewa imla hasubiri. Kalamu huanza kutembea neno la kwanza linapoingia sikioni. Mkono wake, kwa mazoea ya shule, huanzia kushoto. Akisikia "ishirini na sita", ishirini humfikia kwanza, anaandika 2 kushoto, kisha sita, anaandika 6 kulia kwake. Sikio na mkono vimekwenda pamoja. Akisikia "sitta wa ishrin", sita humfikia kwanza, mkono unaiweka kushoto, kisha ishirini inapofika hakuna mahali isipokuwa kulia. Matokeo ni ٦٢. Zingatia hapa, mama, kwamba laiti angeanzia kulia kama anavyoanza kuandika neno lolote la Kiarabu, akaiweka ٦ kisha akasogea kushoto na kuiweka ٢, angepata ٢٦ bila taabu. Kosa lake la madrasani limezaliwa pale mkono wa shule ulipokutana na sikio la madrasa.

Sasa mtazame huyo huyo darasani. Mwalimu anasema "sixteen". Neno hilo linaanza na sita na kumaliza na kumi, sawa kabisa na Kiarabu. Kiingereza kati ya 13 na 19 hutaja mamoja kwanza, halafu kikifika 20 kinageuka na kutaja makumi kwanza. Waingereza wa zamani walisema pia "six-and-twenty"; mtindo huo ukafifia kwa nambari kubwa, ukabaki kwenye hizi saba. Kwa hiyo 61 badala ya 16 na 71 badala ya 17 ni kosa la aina moja na lile la ٦٢, na chanzo chake kimo ndani ya Kiingereza. Mtoto ambaye hajawahi kukanyaga madrasa hulifanya pia, na walimu wa Gredi ya 1 na ya 2 wanalijua vizuri. Ndiyo maana nasema kumtoa madrasa hakutamaliza jambo: "sixteen" atabaki nayo darasani.

Si Kiarabu na Kiingereza peke yake. Wajerumani na Waholanzi hutaja sita kabla ya ishirini, na jirani zetu Wamalagasi vivyo hivyo. Watoto wa Kijerumani wamechunguzwa sana kwa ajili hii, na kugeuza tarakimu ni sehemu kubwa ya makosa yao ya imla katika mwaka wa kwanza wa shule. Ushahidi unaonivutia kuliko wote unatoka kwa Wacheki, kwa sababu lugha yao ina njia zote mbili: mtu anaweza kusema ishirini na tano au tano na ishirini, na zote ni Kicheki sahihi. Watafiti waliwapa watoto wa umri wa binti yako imla ya nambari kwa njia zote mbili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Mtoto yuleyule, nambari za aina ileile, alikosea zaidi na kugeuza zaidi alipotajiwa mamoja kwanza. Hapo huwezi kumlaumu mtoto, wala shule, wala akili. Ni mpangilio wa maneno. Norway walilichukulia jambo hili kwa uzito kiasi kwamba mwaka 1951 nchi ilibadilisha rasmi namna ya kutaja nambari, ikaacha sita na ishirini na kuchukua ishirini na sita. Ombi lilitoka kwa shirika la simu, ambalo lilikuwa limechoshwa na watu kukosea nambari zinapotajwa. Na hao waliokuwa wakikosea ni watu wazima.

Hapa namrudia baba watoto, kwa heshima zake. Si kweli kwamba nambari zote za Kiswahili ni za Kiarabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni zetu, na utazikuta kwa sura zinazofanana katika lugha nyingi za Kibantu. Sita, saba na tisa ndizo zilizoingia na kuyasukuma nje maneno ya kale. Kenda, iliyokuwa tisa, bado inaishi katika jina la Wamijikenda, watu wa miji tisa; na fungate ya maarusi ina mizizi katika hesabu ya siku saba. Makumi kuanzia ishirini hadi tisini tuliyachukua kwa Waarabu, pamoja na mia na elfu, na laki tukaipata kutoka India. Lakini lipo jambo ambalo pwani haikulichukua, nalo ndilo linalomwokoa binti yenu: mpangilio. Tulichukua "ishirini", tulichukua "sita", tukayapanga kwa desturi yetu wenyewe, kubwa kwanza, ndogo baadaye, na "na" katikati. Kumi na sita, ishirini na sita, mia moja ishirini na sita, yote yanakwenda mkondo mmoja na tarakimu zilivyo karatasini, bila kona hata moja. Wazee wa pwani waliosoma sana walitumia pia thenashara kwa kumi na mbili, na wengine husema hamsa wa ishirini, lakini lugha ya sokoni na ya nyumbani ilibaki na mkondo wetu. Kwa mtoto anayeanza hesabu hiyo ni neema. Ingieni na kutoka nayo.

Faida hiyo imeonekana kwingine pia. Kichina husema kumi-moja, kumi-mbili, mpaka mbili-kumi-sita, bila neno geni lolote. Watafiti walipolinganisha watoto wadogo wa China na wa Marekani katika kuhesabu kwa sauti, mpaka kumi hawakuona tofauti ya maana. Pengo lilijitokeza baada ya kumi, pale ambapo Kiingereza kinaanza "eleven" na "twelve" na kumlazimisha mtoto kukariri.

Twende kwenye Ayatul Kursiy, kwa sababu pale binti yako amefanya jambo la kupongezwa. Aliitazama ٢٥٥ akasema mia mbili. Tano ya Kiarabu ni kiduara, na kiduara shuleni ni sifuri. Kwa hiyo aliona mbili, sifuri, sifuri, akasoma mia mbili bila kusita. Maana yake anajua kwamba mbili ikiwa na nafasi mbili kuliani kwake ni mamia mawili. Alichokosa ni kutambua umbo, basi. Hili ni tatizo la macho na mazoea, tofauti kabisa na lile la kugeuza, na halipaswi kuwekwa katika kapu moja nalo.

Maumbo yanayomtega mtoto wa shule si mengi. Moja na tisa zinafanana katika miandiko yote miwili. Sifuri ya Kiarabu ni nukta, ٠. Tano ni kiduara, ٥. Sita, ٦, inafanana na saba ya shuleni, na hii ndiyo inayowadanganya wengi. Saba ni ٧, nane ni ٨, mdomo mmoja juu na mmoja chini. Mbili na tatu hutofautiana kwa jino moja. Msomeshe kwa msahafu wenyewe: mfungulie Ayatul Kursiy katika Al-Baqara, aione ٢٥٥, halafu mfungulie aya ya mwisho ya Aal Imran, ambayo ni ya mia mbili, aione ٢٠٠. Mwachie aziweke macho yake hapa na pale mpaka mwenyewe aseme tofauti. Angalia tu msahafu wenu umechapwa wapi. Misahafu iliyochapwa India au Pakistan huweza kuwa na nne, sita au saba za umbo jingine kidogo na lile la madrasani, na ni vizuri ajue mapema kwamba zote ni sahihi.

Ile 1005 haihusiani na Kiarabu hata chembe. Amesikia mia moja, akaandika 100. Amesikia tano, akaandika 5 mbele yake. Watoto wa lugha nyingi duniani hupita hapo, na pengine utakuta pia ameandika 10020 kwa mia moja na ishirini. Ni hatua ya mtoto aliyeelewa kwamba nambari hujengwa kwa vipande lakini hajajua kwamba vipande hulaliana. Dawa yake nitaieleza hapa chini, na hupona upesi.

Kuhusu vizibo kupangwa kutoka kulia: mwache apange atakavyo. Sisi wasomaji wa maandishi ya kushoto tumezoea kuona nambari ndogo ziko kushoto na kubwa kulia hata tukifumba macho, na tunadhani ndivyo akili ya binadamu ilivyoumbwa. Mwaka 2009 watafiti Samuel Shaki, Martin Fischer na William Petrusic walilinganisha watu wa aina tatu. Wakanada, wanaosoma maneno na nambari kutoka kushoto, walikuwa na mstari huo wa kushoto kwenda kulia akilini. Wapalestina, wanaosoma vyote viwili kutoka kulia, mstari wao ulielekea upande wa pili. Waisraeli, wanaosoma maneno ya Kiebrania kutoka kulia na nambari kutoka kushoto, hawakuonyesha mwelekeo thabiti. Binti yako anaishi kati ya mikondo miwili, na anaitumia yote. Vizibo kumi ni kumi kutoka upande wowote, na naona ni utajiri kwa mtoto kulijua hilo akiwa na miaka saba.

Sasa ushauri wenyewe. Una njia tatu.

Unaweza kumtoa madrasa kwa muda. Faida yake ipo, sitaificha: imla za nambari zitapungua na jioni yake itakuwa nyepesi, na kama mtoto anarudi nyumbani wakati wa magharibi amechoka hawezi kushika kijiko, uchovu huo ni jambo la kushughulikiwa. Lakini unampotezea Qur'ani, marafiki na mwalimu kwa sababu ya kosa ambalo nusu yake iko shuleni. Zaidi ya hayo, mtoto ataelewa kwamba Kiarabu ndicho kilichomfanya mjinga, na fikra hiyo ni ngumu kuing'oa kuliko ٦٢.

Unaweza kuacha kila kitu kilivyo, kama anavyopenda baba yake. Wengi hupona wenyewe kufikia Gredi ya 3 au ya 4. Wasiwasi wangu ni misalaba myekundu. Mtoto anayeandika 61 akiwa na maana ya 16, kisha akajumlisha 61 na 5 akapata 66 bila kosa, amejumlisha vizuri na bado kapigwa msalaba. Yakirudiwa sana anaanza kuogopa hesabu, na hofu hiyo ndiyo huleta upungufu ambao mwanzoni haukuwepo.

Ninayoipendekeza ni ya tatu. Abaki madrasa, aendelee kusoma nambari za aya na kurasa kila siku, lakini umwombe ustadh kwa muhula mmoja amwondolee imla ya nambari za Kiarabu zinazozidi kumi, au amtajie huku akimwonyesha. Kwa upande wa shule, mwombe mwalimu aweke alama ndogo pembeni kila anapokuta 61 kwa 16, amwulize mtoto "nisomee nambari hii" kabla ya kupiga msalaba. Na nyumbani, Kiswahili kiwe ndicho kituo. Akisikia "sixteen", ajizoeze kusema kimoyomoyo "kumi na sita" ndipo aandike. Akisikia "sitta wa ishrin", aseme "ishirini na sita". Wako watakaokwambia tafsiri humchelewesha mtoto. Ni kweli humchelewesha, sekunde chache, na sekunde hizo ndizo anazozihitaji kalamu isikimbie.

Mezani mfanye hivi, dakika kumi zatosha, baada ya chakula na si kabla ya kulala. Chukua noti ya shilingi mia, sarafu za kumi na sarafu za moja. Mtajie nambari kwa lugha yoyote, yeye akupe pesa kwanza, bila kuandika. Sitta wa ishrin: sarafu mbili za kumi, sita za moja. Pesa hazina kushoto wala kulia. Ukiona anatoa sawa, umejua ameelewa kiasi, na kilichobaki ni kuandika tu. Kisha umchoree vistari viwili vya kujaza, kimoja cha makumi kushoto na kimoja cha mamoja kulia. Mruhusu kabisa kuandika mamoja kwanza akiyasikia kwanza, mradi ayaweke kwenye kistari chake. Kalamu ibaki chini mpaka neno lote liishe. Kanuni hii moja, kalamu chini mpaka neno liishe, huondoa sehemu kubwa ya makosa haya.

Kwa ile 1005, kata boksi la biskuti utengeneze kadi: 100, 200 na kuendelea, zenye upana wa tarakimu tatu, 10, 20, 30 za upana wa mbili, na 1 hadi 9 za upana wa moja. Mia moja na tano ni kadi ya 5 kulalia juu ya sifuri ya mwisho ya kadi ya 100. Akiinua 5 anaiona mia iko chini yake na sifuri zake mbili zipo. Fanya pia 126 kwa kadi tatu. Ukipenda, upande wa nyuma wa kila kadi andika kwa tarakimu za madrasani. Ataona kwa mikono yake kwamba kadi hulaliana vilevile pande zote mbili, na hapo hoja ya kinyume itakuwa imejibiwa na yeye mwenyewe.

Usimwandikishe 26 mara hamsini. Anaijua 26. Usimwambie Kiarabu kinakwenda kinyumenyume. Na usimcheke, wala ndugu zake wasimcheke, akisema mia mbili kwa ٢٥٥.

Yapo mambo ambayo yakitokea nisingependa mbaki na maandishi yangu haya, bali mtafute mtu wa kumwona mtoto uso kwa uso. Kama anaanza kukosea hata kwa Kiswahili, na kwa pesa pia. Kama akiwa na miaka minane hawezi kusema ipi kubwa kati ya 38 na 52 bila kuhesabu moja moja, au bado anahesabu vidole vyote kuanzia mwanzo kwa 3 na 4 baada ya mazoezi ya muda mrefu. Kama kugeuza kunaendelea vilevile katikati ya Gredi ya 4. Kama na herufi nazo zinamtoroka, kusoma kunamliza, au analia asubuhi asiende shule. Kabla ya yote hayo mpime macho, kwa kuwa mtoto asiyeona vizuri jino moja la ٢ na mawili ya ٣ hatakwambia haoni. Mpime na masikio, hasa kama huugua mafua mara kwa mara: "sixteen" na "sixty" hutofautiana kwa sauti ndogo sana mwishoni, na mtoto mwenye masikio yaliyoziba huandika 60 kwa 16 kila siku. Kenya ina vituo vya EARC vinavyowapima watoto wenye matatizo ya kujifunza. Mwalimu mkuu wa shule yoyote ya umma anaweza kukuelekeza kilipo cha karibu nawe, na kumpeleka mtoto huko si kumtia doa.

Ukienda kwa yeyote kati ya hao, au ukienda tu kuzungumza na mwalimu wa darasa, chukua madaftari yote mawili, la shule na la madrasa. Kwa wiki tatu kabla ya hapo, kila anapogeuza, andika pembeni kwa penseli alitajiwa nambari hiyo kwa lugha gani. Mwenye kuyaona madaftari hayo yakiwa na alama hizo atakusaidia upesi zaidi kuliko anayesikia tu kwamba mtoto huchanganya.